Shutuma ya Zamani na Kiti cha Jaji



Ninyi wa Magamba na vijiji vya jirani mwajua jambo ambalo watu wengi wa mijini hawalijui. Pale Lushoto mjini, mwendo mfupi tu mkiteremka kutoka Magamba, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Makarani na mahakimu hufunzwa pale, na hata majaji wapya wamepanda huko kupewa mafunzo ya kazi yao. Ukisimama kando ya barabara itokayo Mombo kupitia Soni, gari linalokupita na kukurushia vumbi laweza kuwa limembeba mtu atakayekata shauri la shamba lako.

Wala usiseme jaji yu mbali nawe. Ugomvi wa mpaka huanza katika Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Msipopatana, shauri laenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, kule Tanga, na juu yake iko Mahakama ya Rufani. Mjane wa Magamba mwenye kipande cha bonde alichopanda kabichi na karoti aweza kujikuta mbele ya jaji bila kupenda. Siku hiyo atataka kujua jambo moja tu: mtu huyu aliyeketi pale juu ni mtu wa namna gani?

Basi leo tuzungumze juu ya hilo. Mtu ametajwa kuwa jaji. Kabla hajaapa, latokea neno la zamani juu yake: ati alipokea fedha, ati alimvunjia msichana heshima, ati alipindisha hukumu, miaka 10 au 30 iliyopita. Tulifanyeje neno hilo? Tulitupe kwa kuwa limechelewa? Au tumnyime kiti kwa kuwa limesemwa?

Mtu aliyesimama kule Mtae siku ya anga safi huiona nchi ya Kenya. Tuwatazame majirani zetu hao, maana wao jambo hili limewapata waziwazi, tena zaidi ya mara moja.

Kwa Katiba yao ya mwaka 2010, anayetaka kuwa jaji huomba kazi kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tume hutangaza majina magazetini na kuwaambia wananchi: yeyote mwenye neno juu ya mtu huyu na alete. Kisha mwombaji huitwa na kuulizwa maswali mbele ya watu, na maneno yale yaliyoletwa husomwa akiwapo naye huyajibu. Wakishachagua, majina hupelekwa kwa Rais ili awateue na kuwaapisha.

Sisi Wakatoliki hatuna haja ya kueleza sana jambo la namna hii. Kijana na binti wakitaka kuoana, Padre hutangaza majina yao Jumapili tatu. Kwa nini? Ili aliye na kizuizi aseme. Mwajua pia kanuni yake ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtu aifahamu: mwenye kizuizi huenda kwa Padre, hutaja jina lake, huleta alijualo. Hasimami kisimani na ndoo kichwani akinong'ona, “Mwanamume yule ana mke Korogwe.” Na Padre naye havunji ndoa kwa karatasi isiyo na jina iliyopenyezwa chini ya mlango. Huuliza. Huandika barua Korogwe. Akipata kweli, huzuia. Asipoipata, hufungisha ndoa, na yule aliyenong'ona kisimani hana la kusema tena. Huo ndio utaratibu mwema. Sasa tazameni Kenya ulivyovunjika.

Mwezi wa Julai 2019 Tume ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41. Watu 11 walikuwa wa Mahakama ya Rufani, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa Mahakama ya Kazi. Hizi mbili za mwisho zina hadhi sawa na Mahakama Kuu. Watu hawa walikuwa wamekwisha tangazwa, wamekwisha ulizwa, wamekwisha pita. Rais hakuwaapisha. Alisema taarifa za upelelezi zilizomfikia zimetia doa uadilifu wa baadhi yao. Doa gani? Wananchi hawakuambiwa. Tume nayo ikasema haikuletewa ushahidi wowote wa kupima. Mwezi wa Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Rais hana mamlaka ya kuchambua orodha ile. Kazi yake ni kuteua waliopendekezwa. Bado majina yakakaa. Mmoja wa wale 41 akafariki akingojea.

Mwezi wa Juni 2021, karibu miaka miwili imepita, Rais akawateua 34 na kuwaacha sita. Wanne walikuwa wa kwenda Mahakama ya Rufani: George Odunga, Aggrey Muchelule, Weldon Korir na Joel Ngugi. Wawili walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi: Evans Makori na Judith Omange.

Wakenya wengi wakanyosha kidole mahali pamoja. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 13 Mei 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu walikuwa wamebatilisha ule mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kwa herufi BBI, ambao Rais mwenyewe aliupigania; na katika watano wale walikuwamo Ngugi na Odunga. Watu wakasema, hii ndiyo sababu, wanaadhibiwa. Mimi sitasema hivyo moja kwa moja, kwa maana mzozo wa orodha ulianza tangu 2019, kabla ya hukumu ile. Lakini tazama ubaya wa shutuma iliyofichwa: haimwumizi mshitakiwa peke yake. Hata yule anayeshutumu hawezi tena kuaminiwa. Kama Rais alikuwa na neno la kweli, alilipoteza mwenyewe kwa kulifungia kabatini.

Tena kuna jambo lililowashangaza watu wa kawaida, nami lanishangaza mpaka leo. Wale wanne walikuwa tayari ni majaji wa Mahakama Kuu. Walipokataliwa kupanda juu, hawakushushwa chini. Asubuhi waliamka, wakavaa majoho, wakaenda kuhukumu watu kama kawaida. Basi, kama jaji ana doa la kumzuia kusikiliza rufani, je, yule maskini aliyefikishwa mbele yake Jumatatu ile hakustahili kulindwa na doa hilo? Na kama hana doa, kwa nini azuiwe? Hapa hakuna njia ya tatu, ndugu zangu. Ama mtu ashitakiwe mbele ya baraza lipasalo, ama aachwe afanye kazi yake.

Mwisho wake ukawa hivi. Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto aliapishwa kuwa Rais, na siku hiyohiyo akatangaza kuwateua wale sita. Kesho yake wakaapa. Nyumba zao zilifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini angalieni vizuri: hapana mtu aliyekaa akaipima shutuma. Mkono mmoja uliwazuia bila kuwasikiliza, mkono mwingine ukawapandisha bila kuwasikiliza. Ile karatasi ya wapelelezi haikusomwa mbele yao siku walipozuiwa, wala siku walipoapa. Kilichobadilika ni mtu wa Ikulu. Mimi naona hii si ponya ya jeraha, ni kufunika tu.

Mtu ataniuliza, “Je, ikiwa shutuma itatolewa hadharani tangu mwanzo, si ndiyo dawa?” Ngoja kwanza. Kutoa hadharani ni kitu kimoja, kusikiliza ni kitu kingine, na Kenya hiyohiyo yaweza kutufundisha.

Mwezi wa Oktoba 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilitaka kusafisha mahakama, na kwa kweli zilihitaji kusafishwa. Rushwa ilikuwa imezoeleka mpaka watu walifanya mzaha juu yake. Kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera ikaleta taarifa. Iliwataja majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufani, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254. Waliotajwa wakapewa wiki mbili: jiuzulu, au uende mbele ya baraza la uchunguzi. Majina yao yakachapishwa magazetini kabla hawajajibu hata neno moja. Fikiri mwenyewe. Baba wa nyumba anafungua gazeti akiwa na kikombe cha chai mkononi, watoto wako mezani, anakuta jina lake katika orodha ya wala rushwa. Wengi wakaona heri waende zao kimya. Wenye hatia wakaondoka, na huenda wasio na hatia nao wakaondoka pamoja nao, na leo nani awezaye kuwapambanua?

Mmoja aliyekataa kuondoka ni Jaji Philip Waki. Alisema, nileteeni baraza. Baraza likakaa, likasikiliza, na mwaka 2004 likamwona hana hatia, akarudi kazini. Sasa sikilizeni yaliyofuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya walichinjana. Waliokufa walizidi elfu moja. Ilipotakiwa tume ya kuchunguza damu ile, aliyepewa kuiongoza mwaka 2008 ni Waki huyo. Ndiye aliyempa Kofi Annan bahasha iliyofungwa yenye majina ya wakubwa walioshukiwa. Lau angalikubali aibu ile ya gazeti na kwenda zake kulima, kazi ile ngumu ingalifanywa na nani? Na mwaka 2012, majaji wote wa zamani walipochunguzwa upya, Waki alipita tena.

Huo uchunguzi wa 2012 ulifanywa kwa namna iliyo bora, ingawa haukuwa mkamilifu. Bodi iliongozwa na mwanasheria Sharad Rao, na ndani yake walikuwamo majaji wa kigeni kama Albie Sachs wa Afrika Kusini. Kila jaji aliletewa malalamiko yake kwa maandishi, akapewa nafasi ya kuyajibu, kisha Bodi ikatoa uamuzi pamoja na sababu. Mwezi wa Aprili 2012 majaji wanne wa Mahakama ya Rufani waliambiwa hawafai. Ni uchungu, naam. Lakini kila mtu aliweza kusoma kwa nini. Asiyekubali sababu aliweza kuzibishia. Huwezi kubishana na mnong'ono.

Nawakumbusha na jambo jingine la mwaka huohuo, kwa kuwa limemgusa Mtanzania. Naibu Jaji Mkuu wa Kenya, Bibi Nancy Baraza, alichaguliwa mwaka 2011 kwa utaratibu ule wa maswali ya wazi. Tarehe 31 Desemba 2011 alikwenda dukani Nairobi. Mlinzi wa kike, mtu wa mshahara mdogo, alitaka kumkagua kama anavyowakagua wengine wote. Mlinzi yule akalalamika kwamba Naibu Jaji Mkuu alimfinya pua na kumtisha kwa bastola. Neno la mlinzi wa mlangoni juu ya mtu wa pili kwa ukubwa katika mahakama zote za nchi! Liliundwa baraza la uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, marehemu Augustino Ramadhani. Wakasikiliza pande zote mbili, mashahidi wakaulizwa, na mwezi wa Agosti 2012 wakapendekeza aondolewe. Oktoba akajiuzulu. Tangu kosa mpaka uamuzi ni miezi saba hivi. Neno halikuachwa lizeeke.

Lakini wewe msomaji utasema, “Hilo lilikuwa jipya, nalo lilikuwa na mashahidi. Hebu tuambie juu ya yale ya zamani hasa, ya chumbani, ya watu wawili.” Vema. Hapo ndipo penye ugumu, na dunia nzima imepaona katika Marekani.

Huko, Rais humtaja mtu wa Mahakama ya juu kabisa, na Seneti humpigia kura. Mwaka 1991 alitajwa Clarence Thomas, ambaye katika ujana wake alipata kusoma seminari. Mwanamke aliyewahi kufanya kazi chini yake, Anita Hill, akasema kwamba karibu miaka 10 nyuma alikuwa akimsemesha maneno machafu kazini. Mwaka 2018 alitajwa Brett Kavanaugh, na mwanamke aitwaye Christine Blasey Ford akasema kwamba mwaka 1982, yeye akiwa msichana wa miaka 15 na Kavanaugh kijana wa 17, alimshika kwa nguvu katika nyumba ya watu. Wanaume wote wawili walikataa kabisa. Wote wanne walisema chini ya kiapo, nchi nzima ikitazama. Thomas alipita kwa kura 52 dhidi ya 48, Kavanaugh kwa 50 dhidi ya 48, na wengi walipiga kura kwa kufuata chama chao. Nusu ya nchi yasema wanawake wale waliwaonea wanaume, nusu nyingine yasema wanaume wale waliponyoka.

Mimi siwezi kuwahukumu watu wale nikiwa mbali hivi. Lakini lipo neno moja lililosemwa sana huko, nalo husemwa na huku kwetu pia: “Kama ni kweli, kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo?” Baba zangu, hebu tuwe wakweli. Msichana wa kijijini akishikwa na mtoto wa mwenye duka, au na mwalimu, au na karani, atamwambia nani? Akimwambia mama yake, mama atasema nyamaza usije ukakosa mchumba. Akimwambia baba, huenda akapigwa yeye. Kwa hiyo ananyamaza. Anaolewa, anazaa, anazeeka na jambo lake. Siku anaposikia mtu yule anapewa kiti cha kuhukumu wasichana wengine walioshikwa, moyo wake wamwambia sasa sema. Kuchelewa kwake si ushahidi kwamba anasema uongo. Wala si ushahidi kwamba anasema kweli. Kuchelewa ni kuchelewa tu. Kweli yake sharti itafutwe kwa njia nyingine.

Njia gani? Fungueni kitabu cha nabii Danieli sura ya 13, sura ambayo katika Biblia za ndugu zetu Walutheri huko kwenu huenda msiikute. Ni habari ya Suzana. Wazee wawili walimtaka, akawakataa, nao wakamsingizia uzinzi. Na wazee wale walikuwa nani? Waamuzi! Ndio waliokuwa wakikata mashauri ya watu mwaka ule. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Umati uliwaamini mara moja kwa sababu ya mvi zao na cheo chao, Suzana akahukumiwa kufa. Kijana Danieli hakupiga kelele nyingi. Alifanya kazi ndogo sana: aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake, chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine kabisa. Uongo ukajulikana.

Nawaomba mwone kwamba swali la Danieli lakata pande zote mbili. Laweza kumwokoa aliyesingiziwa, laweza pia kumthibitisha aliyeonewa. Mama yule aliyenyamaza miaka 30 aweza kuulizwa: ilikuwa wapi, nyumba ya nani, msimu gani, ulimwambia nani wakati ule hata kwa fumbo? Mara nyingi alimwambia mtu. Dada yake, rafiki yake, sista wa shuleni. Na yule aliyetajwa kuwa jaji aulizwe vilevile: ulikuwa ukiishi wapi mwaka ule, nani alikuwa nawe? Akijibu kwa utulivu, tunapata kitu cha kupima. Akijibu kwa matusi na vitisho, nalo ni jibu la namna yake, kwa sababu kesho mtu huyo atatukanwa na washitakiwa na itampasa anyamaze.

Je, kosa la ujana lihesabiwe daima? Mimi nasema hapana, si kila kosa. Kijana aliyelewa pombe siku ya arusi akapigana, akalipa faini, akawa mtu mzima mwenye staha, simwoni kama hafai. Lakini kosa la kumdhulumu mnyonge ni la namna nyingine, hasa kama alilirudia, na hasa kama leo, akiulizwa, adanganya. Maana jaji aweza kuwa alikosa zamani akatubu. Lakini jaji anayesema uongo leo atauweka uongo huo mezani pamoja na rungu lake. Wengi hawatakubaliana nami hapa. Kuna wanaosema kiti cha jaji chataka mtu asiye na waa lolote tangu utoto. Watu hao sijui watampata wapi.

Turudi kwetu. Hapa Tanzania jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ndivyo Katiba isemavyo, ibara ya 109. Sisi wananchi kwa kawaida huyasikia majina siku Ikulu inapoyatangaza, na siku chache baadaye wameapa. Hapana Jumapili tatu. Kama mama wa Magamba alikuwa na neno la kweli juu ya mmoja wao, atalisema wapi, na lini? Mimi naona kwamba majina yangetangazwa mwezi mmoja kabla, na watu wakaambiwa waandike kwa siri lakini kwa majina yao, Rais asingepungukiwa na kitu, na majaji wema wangepanda bila mnong'ono nyuma yao.

Tumekwisha onja ubaya wa kuacha neno likining'inia. Mwishoni mwa mwaka 2014 Bunge lilijadili habari ya fedha za Tegeta Escrow. Katika taarifa iliyosomwa mle walitajwa majaji wawili kuwa ni miongoni mwa waliopokea fedha, na Bunge likaazimia Rais aombwe kuunda baraza la kuwachunguza, kama ibara ya 110A inavyoruhusu. Nasi tusijifiche: katika orodha ile walitajwa na viongozi wa dini, hata wa Kanisa letu. Rais Kikwete akasema jambo la majaji lianzie ndani ya Mahakama yenyewe. Mwaka 2017 mmoja wa majaji wale wawili akajiuzulu. Majina yao siyaandiki hapa, kwa maana hawakupata kusikilizwa mbele yetu, na kupokea fedha peke yake si ushahidi wa rushwa. Lakini nendeni mkaulize watu sokoni Lushoto wakumbuke nini juu ya Escrow. Watakumbuka majina. Jibu la wenye majina hakuna atakayelikumbuka, sababu halikutolewa mahali pa kusikika.

Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili juu ya mtawala: aweza kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, au kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua na njaa viliwekwa mabegani mwake. Hawakudhani kwamba tabia ya mkubwa ni shauri la nyumbani kwake peke yake. Ninyi wenye Baraza la Kata mmerithi jambo hilo. Sheria yataka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu wawe wanawake. Majina yanapotajwa, mwenye neno aseme pale pale, mtajwa akiwapo, naye ajibu. Si baada ya mkutano, njiani, wakati watu wanateremka na tochi zao.

Na kama neno ni juu ya hakimu aliye kazini, mlango upo, ingawa wachache waujua. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, kila wilaya ina Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Ukiandika, taja jina lako na kijiji chako, jina la hakimu, namba ya shauri kama ulikuwa na shauri, siku na mahali, na nani alikuwapo. Andika uliloliona wewe. Uliloambiwa na mtu mwingine, mwache mwenyewe aandike. Usitie matusi, wala usiandike habari za ukoo wake au dini yake. Kama hujui kuandika, mwombe katekista au mwalimu akuandikie, kisha akusomee pole pole kabla hujaweka dole gumba. Peleka Lushoto kwa mkono wako mwenyewe, omba wapige mhuri nakala yako, na nakala hiyo uiweke sandukuni mahali pasipovuja.